Marke inatoka kwa dakika moja, kovu inabaki: namna ya kuvua alama na bageti za gari bila kuumiza rangi

Mchimbaji akipata kidogo, akimaliza kulipa madeni ya shimo na masomo ya watoto, kile kinachobaki mara nyingi kinageuka kitu cha magurudumu. Kwanza moto. Kisha, kwa wenye bahati, gari. Kwetu Bendera, na ku barabara yote ya RN5 inayotoka Kalemie kupanda Fizi na Uvira, ile gari karibu kila mara ni ya mkono wa pili. Imevuka bahari mpaka Dar es Salaam, imekuja Kigoma, imepanda mashua ya ziwa. Inafika na historia yake: jina la kampuni ya Japani ku mlango, stika ya shirika ku boneti, marke iliyovunjika nusu, bageti inayoning'inia kama mdomo wenye jino moja.

Kazi ya kwanza ya mwenye gari ni kuitakasa uso. Anataka ionekane ni yake. Hapo njo shida inaanza. Turnevisi inapitishwa chini ya marke, mkono unakandamiza, tak! Marke imetoka, na kipande cha rangi kikubwa kama ukucha kimetoka pamoja nayo. Utasikia kijana wa garaji anasema: "Papa, haina shida, tutapaka kidogo." Ile "kidogo" njo tunataka kuzungumza leo.

Ukucha mmoja wa rangi, mtu anaweza kusema, ni kitu gani mbele ya gari nzima? Mvua ya kwanza haitaonyesha kitu. Mvua ya pili italeta doa ya njano. Kabla ya kiangazi kingine, kutu imeshaingia chini ya rangi iliyobaki, inaisukuma, inaivimbisha, na ule ukucha umekuwa kiganja. Siku mama ya nyumba anasema sasa tuuze gari tujenge, mnunuzi anapitisha kidole hapo, anatikisa kichwa, na bei inashuka. Jasho la miezi mingi chini ya udongo limekatwa na turnevisi moja. Na lilikuwa linaweza kuokolewa na maji ya moto, uzi wa mvuvi, na saa moja ya uvumilivu.

Rangi ya gari ni nyembamba kuliko tunavyofikiri

Wachimbaji wanajua kusoma tabaka. Ukishuka shimoni unaona udongo mweusi, kisha mwekundu, kisha mawe, kisha mshipa. Gari nayo iko na tabaka zake. Chini kabisa ni toli, chuma chenyewe. Juu yake kiwandani wanaweka tabaka ya kwanza ya kuzuia kutu: gari nzima inazamishwa ndani ya pipa kubwa la rangi na umeme unapitishwa ili rangi ishike kila kona. Baadaye inakuja apre, kisha rangi yenyewe, na mwisho verni, ile tabaka isiyo na rangi inayoleta mng'ao.

Zote pamoja, tabaka nne, hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua karatasi moja ya daftari ya mtoto, uishike katikati ya vidole viwili. Unene ule njo nguo yote ambayo gari yako imevaa. Ncha ya turnevisi haihitaji nguvu ili kuipasua.

Kitu cha pili cha kujua: rangi ya kiwanda na rangi ya garaji si sawa. Kiwandani gari inapikwa ndani ya tanuru, joto linafika karibu digrii 140, na rangi inashika chuma kwa nguvu. Gari iliyopakwa upya ku garaji imekauka kwa jua tu, ao kwa joto la digrii 60 hivi. Chini yake mara nyingi kuko mastiki, ile unga wa kuziba bonde la ajali. Rangi ya namna hiyo ukiivuta na skochi ao ukiipasha sana, inaweza kutoka kama ganda la kitunguu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa marke, muulize gari: umewahi kupakwa tena? Kuko jaribio la bure. Mutoe aimanti ndogo ndani ya hoparleri ya redio iliyokufa, muifunge na kitambaa laini, muipitishe polepole ku mlango. Pale inashika vizuri, chuma iko karibu. Pale inateleza ao inashika kwa uvivu, kuko mastiki chini. Muangalie pia pembeni ya kauchu za madirisha: fundi wa haraka anaachaka vidoa vya rangi ku kauchu. Mukikuta alama hizo, mufanye kazi na joto kidogo na mkono mwepesi mara mbili.

Jinsi marke inavyoshikwa

Kuko namna tatu kubwa. Namna ya kwanza, ambayo iko ku gari nyingi za leo, ni skochi ya pande mbili, nene kama sponji. Marke za herufi ku mlango wa nyuma na bageti nyingi za milango zinashikwa hivyo.

Namna ya pili ni miguu. Nyuma ya marke kuko vijiti viwili ao vitatu vinavyoingia ndani ya matundu ya toli. Gari nyingi za zamani ziko hivyo, na hata gari mpya inaweza kuchanganya skochi na miguu ili marke ikae sawa. Ukikata skochi ukivuta kwa nguvu bila kujua miguu iko, utakunja toli. Na ukishaitoa, tundu linabaki. Tundu lisilozibwa ni mlango wa maji: yanaingia ndani ya mlango wa gari, yanakaa chini, yanakula toli kutoka ndani, na hutaona kitu mpaka siku kidole kitapita.

Namna ya tatu ni klipsi na vis. Bageti ndefu, mbawa za plastiki juu ya magurudumu, na grili ya mbele mara nyingi ziko hivyo. Klipsi inafungwa ku tundu la toli na bageti inapigwa juu yake.

Ili kujua ni namna gani, mufungue mlango ao kofa, mupitishe mkono na taa upande wa ndani. Mukiona ncha za plastiki ao tundu lenye kizibo, kuko miguu. Mukiona toli laini, ni skochi peke yake.

Skochi ilizaliwa kwa sababu ya shida hii hii

Si Bendera tu watu waling'oa rangi kwa haraka. Miaka ya 1920 kule Marekani, watu walipenda gari za rangi mbili. Ili rangi moja isiingie ndani ya nyingine, mafundi walibandika magazeti na karatasi na kola kali ao skochi ya hospitali. Kazi ilipoisha, wakivuta karatasi, rangi mpya inakuja nayo. Kazi inaanza tena, hasara juu ya hasara.

Richard Drew, kijana wa maabara ya kampuni 3M, alikuwa anapeleka karatasi ya msasa ku garaji za mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Aliwakuta mafundi wamekasirika namna hiyo. Akarudi maabara na kutafuta kola yenye kushika vya kutosha lakini yenye kukubali kuachilia. Mwaka 1925 skochi ya karatasi ya mafundi wa rangi ikatoka. Inasimuliwa kwamba ya kwanza iliwekwa kola pembeni tu, ikaanguka, na fundi mmoja akasema kwa hasira airudishie mabosi wake "Scotch", yaani wabahili kama Waskoti, waongeze kola. Njo tunavyosema jina skochi mpaka leo.

Somo lake linatufaa: kitu kilichobandikwa ku rangi kinapaswa kushawishiwa. Kikilazimishwa, kinaondoka na mwenyeji wake.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Vitu vya kutafuta: maji ya moto, sabuni ya unga, vitambaa vya pamba vilivyo safi, skochi ya karatasi, uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kipande cha plastiki ao mianzi kilichochongwa, mafuta ya kupikia kidogo. Uzi wa nusu milimita hivi, ule wavuvi wa Kalemie wanafungia ndoano za samaki wakubwa, unafaa kabisa. Turnevisi na kisu vibaki ndani ya sanduku.

*Ya kwanza, kuosha.* Hapa wachimbaji wanajua zaidi kuliko fundi wa mji. Lile jiwe jeupe munalosaga ili kutafuta dhahabu, kwarzi, liko na ugumu wa 7 ku kipimo cha Mohs chenye kufika 10. Kisu cha kawaida hakifiki 6. Vumbi ya barabara yetu na ya mashine ya kusaga imejaa kwarzi. Ukipangusa gari kavu na kitambaa, unasugua rangi na mchanga mgumu kuliko chuma. Kwa hiyo mumwage maji mengi kwanza, yachukue vumbi, halafu sabuni, halafu maji tena. Pembeni ya marke mutumie brashi laini, ya meno hata ya zamani, juu mchanga unajificha hapo.

*Ya pili, kuweka alama.* Mubandike skochi ya karatasi kuzunguka marke yote, upande wa juu, chini, kushoto na kulia. Inafanya kazi mbili: inalinda rangi kama mkono unateleza, na inaonyesha mahali marke ilikuwa, kama munataka kuirudisha kisha kupaka. Mupige na picha ya simu. Marke iliyorudishwa imepinda inamwambia kila mtu kwamba gari ilifunguliwa.

*Ya tatu, joto.* Kola ya skochi inalainika ikipata moto, plastiki nayo inaacha kuvunjika. Jua la saa sita linafanya nusu ya kazi. Gari nyeusi iliyolala juani inaweza kuwa moto mpaka mkono unakataa kubaki. Kwa gari nyeupe, muloweshe kitambaa ndani ya maji ya moto, mukiweke juu ya marke dakika mbili tatu, murudie mara nne ao tano. Maji yasiwe ya kuchemka: kama mkono unaweza kugusa kitambaa kwa muda mfupi, inatosha. Musimwage maji ya moto ku kioo chenye baridi, kinaweza kupasuka. Penye umeme, seshwari ya salon inafaa. Muizungushe, isikae pamoja. Lakini si kila parseli iko na umeme, hata kama barraji ya Kyimbi iko hapa karibu, na maji ya moto hayana deni. Kibiriti, karatasi inayowaka, ao chuma kilichopashwa ku mbabula, hapana kabisa.

*Ya ine, uzi.* Mukate uzi urefu wa mkono mmoja, mufunge kila upande ku kijiti kidogo ili usikate vidole. Muupitishe nyuma ya kona ya juu ya marke, muuvute kushoto na kulia kama musumeno, mukishuka pole. Uzi ulale karibu na marke kuliko rangi. Ukianza kuwa mzito, kola imepoa: murudishe kitambaa cha moto. Kwa herufi ndogo, muanze moja moja, musivute jina lote pamoja. Mtu mwengine ashike marke chini, isianguke na kukwaruza toli ikianguka.

Kama uzi unagonga kitu kigumu na unakataa, kuko mguu. Mukate skochi kuzunguka mguu, kisha musukume marke kutoka nyuma ao muivute sawasawa, bila kuikunja, mpaka vijiti vitoke.

*Ya tano, mabaki ya kola.* Sasa marke imetoka, na kuko matope meusi ya sponji ku rangi. Hapa wengi wanashindwa njaa ya kumaliza, wanachukua kisu. Mupashe tena na kitambaa, musukume kola na kidole gumba. Itajiviringa kama unga wa bukari ku kidole. Zile ngumu, mutumie plastiki: ile karata ambamo simukadi hutolewa, ikisimama kidogo ya kulala, inapangusa bila kukwaruza. Kisha mupake mafuta ya kupikia, mungoje dakika kumi, mupanguse. Mafuta yanaingia ndani ya kola na kuifanya iachilie. Kila kitu kikitoka, muoshe na sabuni ili mafuta yasikae kukamata vumbi.

Bageti za milango na mbawa za magurudumu

Bageti ndefu inatoka na uzi vilevile, lakini muanzie mwisho mmoja na kufuata bila kuruka. Usinue upande mmoja juu kama mfuniko: bageti inakunjika, na toli ya mlango, ambayo ni nyembamba, inaweza kuvutwa nayo. Gari nyingi ziko na klipsi ku miisho miwili, kwa hiyo mukifika hapo muache uzi, muingize kipande cha mianzi kilichofungwa kitambaa, musukume karibu kabisa na klipsi.

Mbawa za plastiki juu ya magurudumu zinastahili heshima ya pekee, juu chini yake njo matope ya RN5 yanalala. Matope yale yanashika maji siku nyingi kisha mvua, na toli iko ndani ya nguo ya maji. Mukizitoa, mutafute vis zote kwanza, nyingi zinajificha chini, upande wa gurudumu. Kisha muvute klipsi moja moja. Klipsi za zamani zinavunjika, hilo ni jambo la kawaida. Muziandae mpya mbele ya kuanza. Hata kama hamutaki kuondoa mbawa kwa siku zote, kuzitoa mara moja, kuosha chini yake na kupaka antiruyi ni kazi inayoweza kuongeza miaka ku gari.

Dawa gani, na moto iko wapi

Sasa tuseme juu ya vinywaji vya garaji. Diluanti na asetoni havijui tofauti kati ya kola na rangi: vinayeyusha vyote viwili, na ku gari iliyopakwa upya vinaweza kufika chuma kwa dakika moja. Mazuti na petroli ya taa zinalainisha kola na haziumizi rangi ya kiwanda zikipakwa kidogo na kuoshwa haraka. Alkoli ya dukani ni nzuri kwa kumalizia, kutoa mafuta yote.

Esansi watu wanaipenda juu iko kila mahali, ndani ya vibidoni vya barabarani. Inatoa kola, ndiyo. Lakini mvuke wake unashika moto hata kwa baridi kali kuliko ile tunayoijua huku, na ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, unatafuta mbabula ya mama anayepika nyuma ya nyumba, kisha moto unarudi kwa njia ile ile. Mtu mwenye kitambaa cha esansi mkononi na mikono imelowa hana nafasi ya kukimbia. Mafuta ya kupikia yanafanya kazi ile ile kwa polepole, na hayachomi mtu.

Kwa wenye moto, jambo hili ni zito zaidi. Marke na stika za TVS ao Boxer ziko ku rezervuari, na ndani ya rezervuari kuko esansi. Kuko vijana wanaopitisha briketi chini ya stika ili iachilie. Musikubali, hata kama ni mtoto wa ndugu. Ku moto, maji ya moto na kitambaa peke yake, kizibo kimefungwa vizuri, mbali na jiko na mbali na mwenye kuvuta sigara.

Na mabaki ya petroli musiyaweke ndani ya chupa ya sukre. Watoto wanakunywa. Kama mtoto amemeza, musimtapishe, juu petroli ikipanda inaingia mapafu. Mumpeleke ku santre ya afya mara moja na mueleze amekunywa nini.

Kivuli cha marke

Munamaliza, munasimama nyuma, na jina bado linasomeka! Kola hakuna, marke hakuna, lakini herufi ziko. Ni kivuli. Jua limekula rangi ya gari yote miaka kumi, isipokuwa chini ya marke, ambako rangi imebaki mpya. Kwa gari nyekundu na nyeusi inaonekana sana, kwa nyeupe kidogo.

Dawa yake ni polishi ya kusugua, kidogo, kwa kitambaa laini, mviringo mdogo mdogo, kuzunguka kivuli zaidi kuliko ndani yake, juu ile rangi iliyochoka njo inapaswa kutolewa. Mufanye kwa kivuli, si juani. Kila kusugua kunaondoa verni kidogo, na tulishasema nguo nzima ni unene wa karatasi. Mkiona kitambaa kinachukua rangi ya gari, ku gari yenye verni, musimame: verni imekwisha. Kivuli kidogo kinachobaki kitaendelea kufifia chenyewe kwa jua. Mwisho mupake siri ya gari ili maji yateleze.

Vitu ambavyo hatutoi, na kimoja ambacho tunapaswa kutoa

Marke ni pambo. Ukiitoa, gari ni ile ile mbele ya sheria. Lakini kipande cha chuma chenye namba ya shasi, kile kiko chini ya boneti ao ku nguzo ya mlango, hakiguswi, hakipakwi rangi, hakitolewi hata kwa kukisafisha. Namba yake njo inalinganishwa na karte roze. Gari isiyo na plaketi hiyo inageuka gari ya maswali ku kila bariere, na siku ya kuuza hakuna mnunuzi mwenye akili atakayeitaka.

Plaketi hiyo inasaidia pia kwa jambo letu. Ku Toyota inaandikwa namba ya rangi ya kiwanda. 040, kwa mfano, ni nyeupe moja inayojulikana sana. Ukienda Kalemie ao Uvira kutafuta rangi ya kuziba kovu, upeleke namba hiyo. "Nyeupe" peke yake haitoshi, juu nyeupe ziko nyingi, na doa la nyeupe ingine linaonekana kutoka mbali.

Inasaidia na mnunuzi. Marke inayotoka kirahisi inaweza pia kubandikwa kirahisi. Herufi V8 zinauzwa peke yake, na hazileti mota ya silinda nane. Mtu akiwauzia gari kwa jina lililoandikwa nyuma, mufungue boneti, musome aina ya gari na ya mota ku plaketi.

Na kile tunachopaswa kutoa: alama ya shirika. Gari nyingi nyeupe zinauzwa na mashirika kisha kazi yao kwisha, na stika inabaki. Kuna wenye kuipenda, wanaona inafungua njia ku bariere. Ni mchezo mbaya. Gari ya mtu binafsi yenye nembo ya watu wengine inadanganya kila anayeiona, na siku kukiwa na vita inaweza kumponza mwenye gari na pia wale wafanyakazi wa kweli, juu hakuna atakayewaamini tena. Kwa Msalaba Mwekundu jambo ni wazi zaidi: Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza mtu binafsi ao biashara kutumia nembo ile. Inalinda wagonjwa na wanaowabeba. Stika inatoka kama marke: joto, kona moja kuinuliwa na ukucha, kisha kuivuta pole, imelala karibu na rangi, mukipasha mbele yake.

Kama rangi imeshatoka

Basi, kovu liko. Musingoje. Mufanye kabla mvua za mwezi wa kumi hazijaanza. Musugue kutu yote na msasa mpaka chuma king'ae, mupanguse na alkoli, mupake antiruyi, kisha rangi, kisha verni, na kila tabaka ikauke kwanza. Hata kama rangi ya namba ya kweli bado haijapatikana, antiruyi peke yake inashika nafasi. Matundu ya miguu, muyazibe baada ya kupaka antiruyi ndani ya tundu, kwa kizibo cha kauchu ao kazi ya tolie. Kuziba na sabuni ya kipande ao chingamu, vile inavyoonekana mara nyingi, ni kufungia maji ndani.

Ukitaka kurudisha marke, sehemu iwe safi kabisa, bila mafuta wala siri, skochi mpya ya pande mbili, marke ikandamizwe kwa dole kwa nguvu. Usioshe gari siku hiyo. Kola inapata sehemu kubwa ya nguvu yake kwa siku moja, na yote kwa siku tatu hivi.

Na kama kazi munaipeleka ku garaji, mukubaliane mbele, kwa maneno ya wazi: utatoa na nini? Utapasha na nini? Rangi ikitoka, nani analipa? Fundi mzuri hatakasirika na maswali haya, atawaonyesha uzi wake. Yule anayecheka na kuokota turnevisi, mumwambie asante papa, na murudi nyumbani mutege maji ku moto.